Rafu au mtandao?

Kuna mambo ukiyasema mbele ya watu wazima wanakuangalia mara mbili. Mojawapo ni hili: mwezi mzima huu sina raha kwa sababu ya ajali ya gari ambalo halipo, kwenye barabara ya Italia ambayo sijawahi kuikanyaga, na kijana aliyenigonga alikuwa amekaa kwao Same, miguuni kavaa kandambili.

Nazungumzia mbio za magari za mtandaoni. Najua wapo watakaosema huyu naye kakosa la kuandika, nchi ina mambo chungu nzima, yeye anatuletea gemu. Tulieni kwanza. Ninachotaka kuzungumza ni haki, na hasa haki ya mtu anayeishi mbali na mtandao mzuri. Hilo linatuhusu wengi, hata usiyejua kushika usukani.

Kwa wasiojua, hizi si zile gemu za simu za kukusanya sarafu huku gari linaruka hewani. Hapa unakaa mbele ya kompyuta, una usukani na pedali, na programu inakokotoa kila kitu: tairi likipata joto linashika vipi, mafuta yakipungua gari linakuwa jepesi kiasi gani, ukikanyaga breki kwa papara magurudumu yanajifunga vipi. Sisi tunatumia Assetto Corsa, iliyotengenezwa na Waitaliano na kutoka rasmi mwaka 2014. Wapo waliotoka kwenye gemu wakaingia kwenye magari ya kweli. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011 akiwa mcheza gemu tu, na mwaka 2013 alikuwa anaendesha gari la kweli kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Kwa hiyo mtu akikwambia ni utoto, mwambie ni utoto wenye hesabu nyingi.

Ligi yetu ni ndogo, na jina silitaji. Tuko kama ishirini hivi: Dar, Arusha, Nairobi, Mombasa, wawili wako Muscat, mmoja Leicester. Tunakimbia Ijumaa usiku, seva tumekodi Ulaya, kodi tunachanga. Hakuna zawadi ya maana. Mwisho wa msimu mshindi anapata kikombe ambacho wengine tunakiona kwenye picha tu. Lakini waulizeni wanaocheza bao pale kijiweni kama wanacheza kwa ajili ya zawadi.

Na kama ligi yoyote yenye akili, tuna sheria za uendeshaji. Si ngumu. Anayetaka kupita ndiye mwenye jukumu la kupita salama. Anayepitwa anaruhusiwa kubadili njia mara moja kujilinda, si kuyumba kushoto na kulia kama daladala inayowania abiria. Mkiingia kwenye kona mkiwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja amwachie mwenzake upana wa gari moja. Ukitoka nje ya barabara, unarudi taratibu huku ukiangalia, hurudi kwa kuchomekea. Ukitanua na ukapata nafasi kwa kutanua, unairudisha. Ukimgonga mtu ukampita, unamsubiri apite kwanza. Na mzunguko wa kwanza kila mtu apunguze munkari, maana matairi bado ya baridi na magari yote yamerundikana.

Ukizisoma vizuri utaona karibu zote ni zilezile ambazo tungependa Barabara ya Morogoro ingekuwa nazo.

Tofauti ni moja, na ndiyo inayoleta matatizo yote. Barabarani kuna woga. Ukimchomekea mtu mwenye lori, mwili wako wenyewe unakuonya. Kwenye kompyuta hakuna maumivu. Gari likisagika unabonyeza kitufe unalo jipya, bampa zima, rangi inang'aa. Kwa hiyo kazi ambayo woga unaifanya barabarani, mtandaoni inabidi ifanywe na sheria, na waamuzi, na aibu ya kukutana na watu walewale Ijumaa inayofuata.

Wakati wa korona, mwaka 2020, dunia iliona vizuri kinachotokea woga ukiondoka. Mashindano ya kweli yalisimama, madereva wakubwa wakahamia kwenye kompyuta. Tarehe 2 Mei 2020, katika mbio za IndyCar za mtandaoni kwenye uwanja wa Indianapolis, kijana wa Formula 1, Lando Norris, alikuwa anaelekea kushinda. Simon Pagenaud wa Ufaransa, mshindi wa Indianapolis 500 ya kweli mwaka 2019, alipunguza mwendo mbele yake, Norris akamvaa, mbio zake zikaishia hapo. Watu walikuwa wanamsikia Pagenaud kwenye matangazo yake mwenyewe akisema atamtoa. Mtu mzima, bingwa, kwenye uwanja ambao katika maisha ya kweli asingethubutu kufanya nusu ya hilo!

Wiki tatu baadaye, Daniel Abt, dereva wa Audi katika Formula E, alimkalisha kijana mcheza gemu kwenye usukani badala yake, mbio zikaenda kwa jina la Abt. Waligundua. Aliondolewa kwenye matokeo, akatakiwa kutoa euro 10,000 kwa hisani, na Audi wakamsimamisha kazi. Kazi ya kweli, si ya kwenye gemu.

Nimeileta mifano hii kwa makusudi. Hawa wote walikuwa na intaneti ya uhakika na vifaa vya bei mbaya. Rafu yao ilitoka moyoni, haikutoka kwenye mnara wa simu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa nije kwenye ajali yangu.

Katika ligi yetu kuna kijana mmoja wa Same mjini tunayemwita Dogo. Ana kompyuta ya mitumba, usukani aliununua kwa mtu aliyeuchoka, na intaneti anaipata kwa kuwasha simu yake na kugawa bando. Dogo ni mwepesi kweli. Mbio za raundi iliyopita zilikuwa Monza. Ukimaliza ule mnyoofu mrefu wa mbele ya jukwaa, gari linakuwa kwenye kama kilomita 270 kwa saa, halafu inakuja kona ya kulia iliyobana na ya kushoto papo hapo, unashuka hadi mwendo wa bodaboda. Mizunguko miwili kabla ya mwisho nilikuwa wa tatu, Dogo wa nne. Nikashika breki mahali pangu pa kila siku. Ghafla nikaona gari lake linanijia kwa nyuma kama halina breki kabisa, likanipiga, nikazunguka, nikamaliza wa kumi na moja.

Nilitazama marudio mara tano. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kiko wazi: kanigonga. Yeye akaleta marudio ya kwenye kompyuta yake. Huko kashika breki mapema kuliko hata mimi, kaniachia nafasi ya gari zima, halafu mimi mwenyewe nageuka na kupotea njia kama mtu aliyepandwa na shetani. Ajali moja, mikanda miwili, na yote miwili inasema kweli.

Inawezekanaje? Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana hapa ndipo kesi ilipo.

Kompyuta yangu haioni gari la Dogo. Inapokea habari zake: yuko hapa, anakwenda mwendo huu, anaelekea kule. Habari zinatoka Same, zinapanda mnara, zinafika Dar, zinapita kwenye waya wa chini ya bahari hadi kwenye seva Ulaya, halafu zinarudi tena kwangu. Zote zinachelewa kidogo. Katika moja ya tano ya sekunde, gari la kilomita 270 kwa saa linakwenda mita 15, sawa na magari matatu yaliyopangwa foleni. Kwa hiyo programu haingojei. Inakisia: kama alikuwa pale na mwendo ule, basi sasa atakuwa hapa. Ucheleweshaji ukiwa wa siku zote, usiobadilika, makisio hayo yanakuwa mazuri tu na hutagundua kitu.

Tatizo ni mtandao unapoganda. Chukulia bando la Dogo limeganda sekunde moja, hasa ile aliyokanyaga breki. Kompyuta yangu haijui kwamba kakanyaga. Inaendelea kumsukuma mbele kwa mwendo wa 270, mita 75 kwa sekunde. Yeye halisi kapoteza kama kilomita 50 za mwendo ndani ya sekunde hiyohiyo, kwa hiyo kaenda kama mita 68. Tofauti ni mita 7, zaidi ya urefu wa gari moja na nusu. Mimi naona gari ndani ya bampa langu, yeye bado yuko nyuma kwa raha zake. Na programu yetu kila kompyuta inajiamulia yenyewe nani kagongwa. Ya kwangu ikaamua nimegongwa.

Baada ya hapo ligi ikawaka. Likaletwa pendekezo lenye vipengele viwili. Kwanza, Dogo akatwe pointi na aandikwe kwenye orodha ya madereva wa rafu. Pili, kuanzia sasa mtu yeyote ambaye habari zake zinatumia zaidi ya milisekunde 200 kwenda kwenye seva na kurudi, asiruhusiwe kukimbia. Tupige kura. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyegongwa, nikaambiwa maoni yangu yatabeba uzito. Kipengele cha kwanza kikipita, napewa nafasi yangu ya tatu, na hapo nabaki kwenye mbio za kikombe.

Nikaomba nifikirie. Bahati nzuri nilikuwa naanza likizo, nikapanda basi kwenda Kisiwani kwa mama.

Kwa wasioijua, Kisiwani hakuna kisiwa. Ni sehemu ya wilaya ya Same, chini ya Milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, milima mgongoni na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi mbele ya macho. Barabara ya kutoka Same kupitia Kisiwani, Gonja na Ndungu hadi Mkomazi ina karibu kilomita 100, na kwa miaka mingi imekuwa ya changarawe na vumbi, lami ikija vipande vipande. Hapo kwenye vumbi ndipo mjomba wangu alipoendesha Fuso zaidi ya miaka ishirini, akishusha tangawizi kutoka milimani upande wa Mamba na Myamba, akichukua mchele Ndungu. Sasa amestaafu, anafuga kuku na kubishana na redio.

Jioni moja baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza kesi yangu. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mjomba, huyo kijana alikuwa anakuona?"

Nikamwambia alikuwa ananiona vizuri, ila mimi ndiye nilikuwa namwona vibaya.

"Basi hiyo ni vumbi," akasema.

Akanieleza. Ukiwa nyuma ya lori kwenye changarawe, vumbi linakuficha kila kitu. Unachokiona ni mahali lori lilipokuwa, si lilipo. Dereva mgeni anajaribu kuovateki kwa kukisia, na huko ndiko tulikozika watu. Dereva wa njia hii anakaa mbali, anasubiri. Na aliye mbele naye ana deni lake, kwa sababu yeye ndiye anayeona. Anakuwashia indiketa: ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja, ya kushoto, pita. Njia nyembamba ya mlimani nako vivyo hivyo. Anayeshuka anampisha anayepanda, maana anayepanda na mzigo akisimama kuondoka tena ni kazi. Mwenye gari tupu anampisha mwenye mzigo. Hakuna trafiki wa tochi kule juu. Lakini ukimfanyia mtu ubaya Jumatatu, Alhamisi utakutana naye kwenye kona ileile, na safari hiyo wewe ndiye utakayekuwa na mzigo.

Nikafurahi. Nikasema moyoni, haya, mjomba amemwachia Dogo. Nikamwambia: "Kwa hiyo kijana hana kosa, aendelee tu?"

Akanikata. "Nani kasema aendelee? Gari halina breki halishuki mlima, hata dereva awe malaika. Ila dereva humnyang'anyi leseni kwa breki za tajiri wake. Gari unalipeleka gereji."

Jamani, mimi nimesoma kanuni za ligi za watu wengi, na sikuwahi kuona jambo hili limesemwa wazi hivyo. Maana pendekezo letu lilikuwa limechanganya vitu viwili kwenye sufuria moja. Kipo kitu kinaitwa kosa, na kipo kitu kinaitwa hatari. Kosa ni la mtu: aliona, aliweza kufanya vingine, akaamua kufanya alivyofanya. Pagenaud alikuwa na kosa. Hatari ni ya hali: breki, vumbi, mtandao. Kosa linaadhibiwa. Hatari inazuiwa. Ukiadhibu hatari unamdhalilisha mtu bure, na ukiiacha kwa huruma unawaumiza wengine wote.

Msije mkadhani natetea kila mwenye bando. Mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima, akaharibiwa mbio zake na gari lililotokea hewani, naye ameonewa. Mimi ndiye huyo mtu! Sipendi kuambiwa "ndio mtandao wa Bongo, zoea." Haki ya Dogo haiwezi kulipiwa na mimi peke yangu kila Ijumaa.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuacha kabisa kutafuta mkosaji. Huduma kubwa ya mbio za mtandaoni ya iRacing, iliyoanza mwaka 2008, inafanya hivyo. Ukitoka nje ya barabara, alama 1. Ukipoteza gari, 2. Ukigongana sana na mwenzako, 4, na mnazipata wote wawili, aliyegonga na aliyegongwa. Mfumo hauulizi nani kaanza. Kwa haraka inaonekana dhuluma. Lakini nia yake ni kukupima kwa kona nyingi ulizopita salama kwa muda mrefu, na leseni yako inapanda au kushuka kwa hesabu hiyo. Aliyegongwa leo kwa bahati mbaya atafidiwa na mbio ishirini safi. Anayegongana kila wiki, hata kama kila wiki ana maelezo, kuna kitu.

Pale inafaa, maana wapo maelfu ya watu wasiojuana na hakuna mwamuzi wa kutazama kila ajali. Sisi ishirini tunaojuana hadi majina ya watoto, tukishindwa kukaa na kutazama mikanda miwili, tunajidanganya.

Turudi kwenye kile kikomo cha milisekunde 200. Kina sura ya haki kwa sababu ni namba, na namba haimchukii mtu. Lakini kinapima kitu ambacho sicho. Mtu wa mbali ambaye mtandao wake unachelewa milisekunde 250 bila kubadilika, programu inamkisia vizuri, unaweza kukaa naye ubavu kwa ubavu kona tatu. Mtu wa karibu mwenye milisekunde 90 ambaye mtandao wake unaganda kila dakika tano, huyo ndiye hatari. Kikomo chetu kingemtoa wa kwanza na kumwacha wa pili. Na angalieni nani kingemgusa. Wa Leicester hakimgusi, yuko jirani na seva. Kinatugusa sisi wa huku, tena wa mikoani zaidi. Kwa hiyo ligi iliyoanzishwa ili Waafrika Mashariki wakimbie pamoja, ingekuwa na sheria inayomfaa zaidi aliyehama.

Na hata wa Dar asijione. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kule kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania karibu nzima ikabaki inahangaika na intaneti. Siku ile sote tulikuwa Dogo, kuanzia benki hadi vyumba vya habari. Hakuna aliyesema tuandikwe kwenye orodha ya watu wa rafu.

Kuna jambo jingine la mwisho linalonikera katika pendekezo lile, na hapa nawakumbusha Safari Rally. Mbio zile zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za umma, pamoja na vumbi lake na ng'ombe wake. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya, na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawasawa za adhabu, wote kwenye Datsun. Baada ya maelfu ya kilomita, sare! Ilitumika kanuni iliyokuwa imeandikwa kabla magari hayajaondoka, ya kuangalia nani alikwenda mbali zaidi akiwa safi, na Mehta akapewa ushindi. Källström angeweza kuumia, lakini asingeweza kusema wamemtungia sheria yeye. Dogo anaweza kusema. Kipengele cha kwanza tunataka kumkata pointi kwa kitu ambacho siku ya mbio hakikuwa kosa kwenye karatasi yoyote ya ligi.

Basi niliporudi chumbani, huku mtandao wenyewe wa pale kijijini ukinipa mstari mmoja na nusu, niliwaandikia wenzangu hivi.

Ajali ya Monza isihesabiwe rafu. Dogo asikatwe pointi wala asiandikwe popote. Nafasi yangu ya tatu isirudishwe, kwa sababu kuirudisha maana yake ni kumshusha mtu mwingine aliyemaliza mbele yangu kihalali. Kikomo cha milisekunde 200 kifutwe, badala yake tupime kuganda: kila mtu akimbie mizunguko kumi ya majaribio siku moja kabla, na seva ionyeshe habari zake zimekatika mara ngapi. Atakayezidi kiwango tutakachokubaliana, wiki hiyo hakimbii, awe Same au London. Atakayeganda katikati ya mbio, akiambiwa na wenzake, aachie nafasi ya sekunde mbili mbele yake hadi mtandao utulie, na sisi tulio mbele tusimbanie kana kwamba tunamwona vizuri. Kila kesi itazamwe kwa mikanda ya pande zote mbili. Na kwa kuwa kodi ya seva tunachanga, tuangalie pia kama tunaweza kuhamishia mbio saa za usiku zaidi, wakati minara haijajaa watu.

Sikuficha upande mchungu. Kwa kipimo hicho, nilivyoona mtandao wa Dogo, kuna Ijumaa nyingi hatakimbia. Nilimpigia kabla ya kutuma, sikutaka asome kama wengine. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kaka, kukaa nje nitakaa. Ila nisiitwe wa rafu. Mimi breki nilishika."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikombe hakikuwahi kuwa suala kwake. Kukosa mbio kunaweza kuvumilika. Kuitwa mchafu na watu unaowaheshimu, kwa kitu ambacho macho yako yanajua hukukifanya, hilo halivumiliki, iwe kwenye gemu au kazini.

Majibu yameanza kuja. Wa Muscat wote wawili wamekubali. Nairobi wamegawanyika. Mmoja wa hapa Dar kaniandikia kwamba nimeingiza siasa kwenye michezo, na kwamba kama ningekuwa mimi ninayewania nafasi ya kwanza nisingekuwa mkarimu hivyo. Ana haki ya kuwaza hivyo. Kikombe kwangu kimeshakuwa mbali, hesabu zinaonyesha ni mpaka wanne walio juu yangu wapate msiba wa pamoja.

Jumapili saa mbili usiku tunapiga kura. Kura yangu mnaijua. Swali nililowaachia wenzangu ndilo ninalowaachia na nyinyi mnaoendesha magari yenye bampa za kweli: yule aliyewakera barabarani leo asubuhi, alikuwa anawaona?

Naomba kuwasilisha.